Somo la Faradhi Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa mlimani. Kilizaliwa mjini, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kutwaa uhuru wake, katika jengo la chama cha TANU lililoko mtaa ambao leo waitwa Lumumba. Na wanafunzi wake wa kwanza, wasiofika hata ishirini, wote walikuwa wa sheria, wakisomea shahada ya Chuo Kikuu cha London. Basi tangu siku ya kwanza palikuwapo hitilafu ambayo furaha ya wakati ule iliifunika: nyumba ilikuwa ya wale waliopigania ukombozi, na mtaala ulikuwa wa dola iliyokuwa ikifunga mizigo yake. Mwaka 1963 chuo kiliunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikahamia kwenye kilima nje ya mji, ambako kelele za soko na bandari hazifiki, ndipo watu wakaanza kupaita Mlimani, jina ambalo hata leo aghalabu hutangulia midomoni kabla ya jina rasmi la chuo.

Juu ya kilima hicho liko somo moja ambalo kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa kemia, wa ualimu au wa uhandisi, amefaradhishiwa kulisoma na kulifaulu, nalo laitwa Taaluma za Maendeleo, au kwa ufupi wa wanafunzi, utokanao na jina lake la Kiingereza, DS. Historia za vyuo hupenda kusimulia majengo, wakuu na migomo. Masomo ya lazima, yasomwayo na wote na kupendwa na wachache, hupitwa kimya kimya, ingawa humo ndimo chuo kinapotamka waziwazi ni jambo gani ambalo mtu yeyote asipewe shahada bila kulijua. Na jambo lililokusudiwa Mlimani, kwa maneno yaliyobadilika kila muongo, lilikuwa usawa: nani ana nini, alikipataje, na kwa jasho la nani.

Kilicholizaa somo hilo ni hasira. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa shule za juu walitumikie taifa kwa miaka miwili, miezi michache ya mwanzo katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na miezi 18 iliyobakia katika kazi za kawaida, huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Mlimani pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya mji waliandamana hadi Ikulu, baadhi yao wamevaa majoho mekundu ya chuo, na miongoni mwa mabango waliyoyainua lilikuwamo lililodai kuwa maisha ya enzi ya ukoloni yalikuwa bora. Mwalimu Nyerere aliwapokea akiwa na mawaziri wake, akaisikiliza risala yao mpaka mwisho, kisha akawajibu kwa ghadhabu ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Akatangaza papo hapo kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi 393 wakarudishwa makwao. Wengi wao walikubaliwa kurejea baadaye, lakini swali walilolifungua halikuweza kufungwa tena.

Maana lilikuwako jibu jepesi, nalo ni kusema kwamba vijana wale walikuwa na tamaa na hawana adabu. Mwalimu mwenyewe alikwisha kuwafananisha wasomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada, na ambaye asiporudi huwa msaliti. Lakini jibu zito zaidi, ambalo liliwasumbua baadhi ya walimu wa chuo, lilikuwa kwamba vijana wale hawakufika na kiburi kile wakitokea vijijini. Walikuta mahali wanapokula kwa kuandaliwa, wanapofanyiwa usafi wa vyumba, wanaposoma historia, sheria na uchumi kana kwamba mkulima wa Shinyanga hayumo katika lolote kati ya hayo. Ikiwa chuo ndicho kilichowafunza kujiona watu wa tabaka la pekee, basi makosa yalikuwa ya mtaala kabla ya kuwa ya tabia.

Mambo yakafuatana upesi. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, na Machi ikatolewa Elimu ya Kujitegemea. Na mwezi huo huo wa Machi ukaitishwa mkutano wa siku tatu kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Walimu tisa wa chuo, miongoni mwao Walter Rodney wa Guyana, Giovanni Arrighi wa Italia na Grant Kamenju wa Kenya, walipendekeza jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa zito: kwamba liwepo somo moja la pamoja, lisomwe na wanafunzi wa vitivo vyote, lisiishie mwaka wa kwanza bali liwafuate, na lifundishwe na walimu wa taaluma mbalimbali wakishirikiana, ili mwanafunzi aitazame jamii yake ikiwa nzima, isiyokatwa vipande na mipaka ya idara.

Wapinzani wa shauri hilo hawakuwa wajinga, wala si wote waliokuwa wafuasi wa ukoloni. Wako waliohofu kwamba somo la faradhi kuhusu siasa ya nchi lingegeuka mahubiri, na mtihani wake ukawa mtihani wa imani. Wako waliouliza, kwa haki kabisa, ni saa zipi za fizikia zitakazotolewa sadaka. Na wako waliokuwa wakilinda tu mipaka ya idara zao, kama wanavyofanya wanazuoni wa nchi zote. Kilichopatikana kilikuwa sulhu. Somo la pamoja lilianzishwa, lakini kwa sura pungufu kuliko ilivyokusudiwa, na kwa miaka kadhaa likawa likibadilishwa umbo na mahali pa kuwekwa, likipigwa vita na wanafunzi wa mrengo wa kushoto waliosema halina makali, na kupuuzwa na wengine waliosema halina faida. Kitivo cha Sheria, na hili ni haki kulitaja, kilikuwa kimetangulia kuwa na somo lake la matatizo ya jamii na uchumi wa Afrika Mashariki, kwa hiyo wazo halikushuka kutoka mbinguni.

Ni vema tuone kwa karibu ni kitu gani ambacho somo la namna hiyo laweza kufanya na ambacho somo la idara haliwezi. Chukua mkonge. Mwanafunzi wa botania anaujua mmea. Mwanafunzi wa historia anajua kwamba uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye katika miche elfu aliyoiagiza kutoka Florida alibakiwa na 62 tu iliyo hai. Mwanafunzi wa sheria anaijua Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya gavana. Mwanafunzi wa uchumi anajua kwamba katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge duniani ilianguka baada ya kamba za nailoni na nyinginezo za viwandani kuingia sokoni. Kila mmoja ana ukweli mkononi, na hakuna aliye na kisa. Wakiketi wanne hao chumba kimoja, wakaulizwa ni kwa nini kijana wa Kigoma aliiacha mihogo ya babaye akaenda Tanga kuwa manamba, yaani kibarua wa mashamba ya mkonge, akihesabiwa kwa kipande cha kazi na kulala katika kambi ya watu wa makabila asiyoijua hata salamu yao, ndipo mmea, sheria, meli na bei vinapokuwa jambo moja, na ndipo mwanafunzi ambaye baba yake alikuwa manamba anapokuwa na la kusema ambalo profesa hana. Hiyo ndiyo iliyokuwa tamaa ya walimu wale tisa, na palipokuwa na semina ndogo na mwalimu hodari, ilitimia.

Palipokosekana hayo, wanafunzi walijifundisha wenyewe. Mwaka 1967 kiliundwa chama cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, kikiwa na mwenyekiti kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni na wanachama kutoka Kenya, Malawi, Sudan, Ethiopia na kwingineko. Wakafanya madarasa ya itikadi siku za Jumapili, na mwaka 1969 wakatoa jarida la Cheche. Kisa chao kimoja chastahili kusimuliwa. Wanafunzi walikuwa wamerithi kutoka vyuo vya Uingereza desturi ya Rag Day, ambapo msomi huvaa matambara kwa siku moja, akazunguka mjini kwa kelele na mzaha, akiomba fedha za kuwapa maskini. Novemba 1968, malori yalipokuwa tayari kuwabeba waliovaa matambara, watu wa USARF waliyazuia njia na kutoa upepo katika magurudumu, wakisema kwamba katika nchi ambamo matambara ndiyo nguo ya kila siku ya mamilioni, kuyavaa kwa tafrija ni istihizai. Desturi hiyo haikufanywa tena. Sina shaka kwamba mwanafunzi aliyesimama pale, katikati ya wenye matambara na wenye kutoa upepo, alipata mafundisho juu ya tabaka yanayozidi mihadhara ya muhula mzima.

Mwaka huo haukuwa wa Mlimani peke yake. Oktoba 1968, huko Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba waliandika hoja yao ya kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Na mwanzoni mwa Novemba wanafunzi wa chuo cha San Francisco nchini Marekani walianza mgomo uliodumu hadi Machi, wakidai kufundishwa historia za watu weusi, Wahindi Wekundu, Wameksiko na Waasia. Kutokana na vuguvugu hilo la Wamarekani weusi, Kiswahili nacho kilipata madarasa mengi katika vyuo vya ng'ambo ile. Lakini Marekani somo la namna hii lilichelewa kufaradhishwa kwa wote: Chuo Kikuu cha California huko Berkeley hakikupitisha sharti lake la somo la tamaduni za Marekani mpaka 1989, na hata hapo kwa kura zilizokaribiana sana. Mlimani, pamoja na udhaifu wake wote, palitangulia kwa miongo miwili.

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika, Mlimani pakawa chuo kikuu kamili, na mwaka 1973 somo la pamoja likapewa nyumba yake, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Kitabu cha Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, kilikuwa kimeandikwa pale pale, katika mabishano yale yale. Kwa nje, huo ulikuwa ushindi. Lakini ukitazama kwa insafu utaona kwamba mambo mawili yalikwisha kuanza kulichosha somo hilo. La kwanza ni kwamba dola iliyotaka wanafunzi wajifunze kuhoji haikufurahi ilipohojiwa: Cheche ilipigwa marufuku Novemba 1970, na Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga wa Kenya, alifukuzwa baada ya kuwaandikia wakuu wa chuo barua ya lawama, hata chuo kizima kikasimama. La pili ni lugha. Somo lililotaka kumrudisha msomi kwa watu wake lilifundishwa kwa Kiingereza, ilhali siasa yenyewe ya ujamaa ilizaliwa, ikasambazwa na kueleweka kwa Kiswahili. Na Idara ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1970, ilikuwa ikionyesha jirani tu hapo kwamba taaluma ya chuo kikuu yaweza kusomeshwa kwa lugha hiyo kuanzia mhadhara wa kwanza hadi mtihani wa mwisho.

Hata hivyo upungufu mkubwa kuliko yote, kwa rai yangu, haukuwa wa lugha wala wa siasa, bali wa macho. Somo liliwaona wanyonge wa dunia, wavuja jasho wa mashamba ya mkonge, wachimbaji wa Katanga na wapiganaji wa Msumbiji. Halikuwaona wanawake walioketi safu ya pili. Si kwamba hawakuwapo. Julie Manning alisoma sheria pale katika miaka ya mwanzo kabisa, akawa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Zakia Meghji alikuwa mmoja wa wahariri wa Cheche, na miongo kadhaa baadaye akawa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha. Lakini katika uchambuzi wa siku zile, mwanamke alikuwa ama mkulima ama mfanyakazi, na taklifu za ndoa, uzazi na jiko zilihesabiwa kuwa jambo litakalojirekebisha lenyewe baada ya mabepari kuondoka.

Upofu huo ulidhihirika kwa namna ya ajabu mwaka 1974. Azimio la Musoma lilitaka kwamba hakuna mtu atakayeingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Kila mmoja atumikie taifa, kisha afanye kazi miaka isiyopungua miwili, apendekezwe na mwajiri wake na chama, ndipo afikiriwe. Nia ilikuwa njema na hoja ilikuwa ya usawa: mfanyakazi apate mlango, na msomi asipande ngazi bila kuyajua matope. Lakini kanuni moja iliyowekwa sawa kwa wote haikuwaangukia wote sawa. Msichana wa miaka 19 aliyeambiwa asubiri, aghalabu hakuachwa asubiri. Nyumbani walikuwako wachumba, posa na wazee wenye haraka, na mume naye alikuwa na neno katika suala la mke kwenda kulala bwenini Dar es Salaam miaka mitatu. Idadi ya wanawake wanaoingia ikashuka, Umoja wa Wanawake ukapiga kelele, na kabla ya muongo kwisha serikali ikawaruhusu wasichana waingie moja kwa moja. Kisa hiki, ambacho kingefaa kuwa sura nzima ya somo la maendeleo, kilipita nje ya darasa kama tangazo la Wizara.

Na ndani ya kuta za chuo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wote waliosoma Mlimani katika miaka ya 1970 na 1980 wanamkumbuka Mzee Punch, mwandishi asiye na sura, aliyebandika ukutani usiku michoro na maandishi ya kuwafedhehesha watu. Mwanzoni wako waliomwona msemaji wa wanafunzi dhidi ya wakuu, na pengine alikuwa hivyo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda shabaha yake ikawa wanafunzi wa kike, hasa waliokataa kutongozwa au waliothubutu kugombea uongozi, na aliyekwisha kubandikwa alitengwa, asisemeshwe, akizomewa hata chakulani. Waliofanya hayo walikuwa vijana waliofaulu DS. Waliweza kueleza kwa kurasa nne unyonyaji wa ubeberu, kisha wakatoka kwenda kumzomea mwenzao aliyebeba sahani. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa ameandamwa hivyo alijiua, na msiba huo, uliotikisa nchi, ndio uliomaliza himaya ya Punch.

Katika muda huo wote walikuwapo wanawake, ndani na nje ya vitivo, waliokuwa wakifanya kazi ambayo somo la faradhi halikuifanya. Mradi wa utafiti na kumbukumbu za wanawake, uliojulikana kwa herufi WRDP, ulikuwa ukikutana chuoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, washiriki wakisoma na kuandika juu ya kazi ya mwanamke shambani, sheria za mirathi na wasichana mashuleni; waandishi wa habari wanawake wakaunda TAMWA mwaka 1987; na mwaka 1993 ukazaliwa Mtandao wa Jinsia Tanzania, ambao walimu wa Mlimani kama Marjorie Mbilinyi walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Kwa njia ya watu hawa, na si kwa amri ya baraza lolote, maneno kama jinsia, ukatili na haki ya uzazi yaliingia katika muhtasari wa Taaluma za Maendeleo, yakakaa pamoja na tabaka na ubeberu. Katika miaka ya 1990 pia chuo kilianza kuwaandaa kwa mafunzo maalumu ya awali wasichana waliokaribia kufikia alama za kuingia sayansi, wakafanya mtihani na kupewa nafasi. Hiyo ni hatua ambayo wako walioiita upendeleo, na ambayo mimi naiona kuwa ndiyo mara ya kwanza chuo kujitahini kwa mizani iliyokuwa ikiwafundishia wengine.

Wakati huo huo dunia iliyolizaa somo ilikuwa imekwisha kupinduka. Azimio la Arusha lilizikwa Zanzibar mwaka 1991, Urusi ya Kisovieti ikasambaratika, na wanafunzi wakaanza kuchangia gharama za masomo yao. Ungedhani somo la mwaka 1967 lingefutwa, lakini halikufutwa. Lilivua kanzu ya ujamaa, likavaa ya umaskini, mazingira, ukimwi na utandawazi, na likasambaa kuliko zamani, maana Sokoine kule Morogoro, Muhimbili na Mzumbe nazo zinalo, zikiwa na idara au taasisi zake za kulifundisha. Daktari, mhandisi na bwana shamba wa Tanzania wa leo wote wamelipitia.

Wamelipitia, lakini vipi? Darasa ambalo lilikuwa la makumi limekuwa la mamia, na katika baadhi ya vyuo la maelfu, likikusanyika katika kumbi ambamo wa nyuma humwona mhadhiri kwa umbali wa kumtambua kwa shati lake. Wiki mbili kabla ya mtihani, maduka ya vifaa vya ofisi yaliyozunguka vyuo hutoa nakala za madesa ya DS kwa marundo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye hofu yake kubwa ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kwa sababu ya hisabati au anatomia, huyakariri usiku kucha ili asibebe deni la somo ambalo halimo katika fani yake. Muhtasari wa sasa ni mpana na wenye haki kuliko ule wa miaka ya 1970. Msichana wa safu ya pili yumo ndani yake, na mlemavu pia. Kilichopungua ni semina ya watu wachache, ambamo mwana wa manamba angeweza kumsahihisha profesa na msichana angeweza kumwambia mwenziwe, uso kwa uso na mbele ya mwalimu, alichomfanyia jana chakulani; kwa kuwa wanafunzi wameongezeka mara nyingi, na walimu wa kukaa nao katika vyumba vidogo hawakuongezwa kwa kiasi hicho.